Ukisubiri uhitimu ndipo usake kazi majuu, umechelewa

Mwezi uliopita ndugu yangu mdogo alinitumia ujumbe kwenye WhatsApp saa tano usiku. Yuko mwaka wa nne chuoni na anapanga kuja Ujerumani kusomea shahada ya uzamili. "Siz," aliandika, "nikimaliza masta huko, kazi inachukua muda gani kupatikana?"

Nilianza kumwandikia jibu, nikafuta. Nikaamua kurekodi sauti. Nilipoachilia kidole, dakika kumi na moja zilikuwa zimepita. Jibu lenyewe lingetosha kwa sentensi moja: ukingoja hadi umalize masomo ndipo uanze kutafuta, umechelewa. Lakini hata mimi niliambiwa hivyo mwaka wa 2021 na halikuniingia. Kwa hivyo nilimsimulia kila kitu, na ninakusimulia wewe pia, nikiacha tu pale nilipomfokea.

Mkopo wa mzee

Nilifika Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, mapema Oktoba 2021. Nilikuwa na digrii ya uhandisi kutoka chuo cha umma nchini Kenya, masanduku mawili, na sweta ambayo mama aliapa kuwa ni nzito. Haikuwa nzito.

Mtaani watu husema kusoma Ujerumani ni bure. Hiyo ni nusu ya ukweli. Vyuo vingi vya umma havitozi karo hata kwa wageni. Unalipa ada ndogo ya muhula, basi. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo linalojulikana kwa kuwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kila muhula. Shida iko kwingine. Kabla ya kupewa viza, lazima uonyeshe kuwa una pesa za kujikimu mwaka mzima, na wengi wetu huziweka kwenye akaunti maalumu inayofungwa. Wajerumani huiita Sperrkonto. Pesa ni zako, ila unaachiliwa kiasi fulani tu kila mwezi.

Wakati wangu kiasi hicho kilikuwa yuro 10,332, takriban shilingi milioni 1.3. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi Nakuru. Alichukua mkopo wa Sacco, mjomba akauza ng'ombe wawili, kanisa nalo likafanya mchango Jumapili moja baada ya ibada. Siku waliponisindikiza JKIA, hakuna aliyetaja deni. Hawakuhitaji kulitaja.

Kila mwezi nilikuwa nikipata yuro 861. Toa kodi ya chumba cha hosteli, toa bima ya afya ambayo ni lazima, toa chakula. Kufikia tarehe 20 nilikuwa nahesabu sarafu dirishani. Na kila nilipopiga simu nyumbani, nilijua mshahara wa baba umekatwa tayari kabla ya kufika mkononi mwake.

Zamu ya usiku

Ndipo msee mmoja kutoka Kisumu akaniambia kuna kazi ghalani, nje ya mji. Leipzig ni kitovu kikubwa cha mizigo. Uwanja wake wa ndege hupokea na kupakia vifurushi usiku kucha. Kazi ya ghala haikuulizi digrii wala Kijerumani. Unaskani, unapanga, unabeba. Unaingia saa nne usiku, unatoka saa kumi na mbili asubuhi, na mwisho wa mwezi doo inaingia bila longolongo.

Enzi hizo sheria ilimruhusu mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya kufanya kazi siku 120 kamili kwa mwaka, au nusu siku 240. Tangu Machi 2024 zimeongezwa hadi siku 140, au nusu siku 280. Mimi siku zangu zote nilizimalizia ghalani, kama zamu kumi hivi kila mwezi.

Siidharau kazi ile. Ilinilipia kodi, na kila mwezi nilituma yuro 150 nyumbani. Mwaka wa pili, pesa za Sperrkonto zilipoisha, ilibidi nionyeshe tena jinsi nitakavyojikimu ili niongezewe kibali cha kukaa. Bila ghala ningerudi nyumbani na nusu ya digrii.

Lakini tazama gharama yake. Nilisinzia darasani. Kozi ya miaka miwili ikanichukua miwili na nusu. Kijerumani changu kilibaki palepale nilipokishusha kwenye ndege: salamu, asante, na majina ya vitu vya ghalani. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, wenzangu hosteli waliongea Kiingereza, na ghalani tuliongea kwa mikono. Nilipofika mwisho, wasifukazi wangu ulikuwa na mambo mawili pekee ya tangu nije: masomo, na kupanga vifurushi.

Nilichokuwa sijui

Kulikuwa na binti kutoka India tuliyeanza naye siku moja. Yeye pia alikuwa na deni, tena kubwa kuliko langu. Nilipomwambia kuhusu ghala akakataa, nikamwona ana maringo. Jioni alikuwa anaenda darasa la Kijerumani. Muhula wa pili alimwandikia profesa mmoja kumuuliza kama anahitaji msaidizi kwenye maabara. Akapewa saa chache kwa wiki.

Hapa kuna jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Kazi ya kuwa msaidizi wa chuo haihesabiwi katika zile siku za mwaka. Vilevile atachi, ikiwa imeandikwa kwenye mtaala wa kozi yako kuwa ni ya lazima, haihesabiwi. Kwa hivyo binti yule alikuwa ameanza kujenga jina huku siku zake zote za kazi zikiwa bado mfukoni.

Muhula wa tatu akaajiriwa kama Werkstudent. Neno hilo lishike vizuri. Ni mwanafunzi anayefanya kazi katika kampuni ya fani yake, hadi saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Kampuni huupenda mpango huu kwa sababu makato ya bima za kijamii ni madogo kuliko ya mfanyakazi wa kawaida, na kwa sababu wanakupima polepole kabla ya kukupa mkataba wa kudumu. Tasnifu yake aliiandika akiwa hapohapo kazini, kuhusu shida halisi ya kampuni ile. Mkataba wa ajira alitia saini wiki mbili kabla ya kuiwasilisha.

Nimeipiga hesabu mara nyingi. Saa tulizofanya kazi zilikaribiana. Malipo kwa saa hayakupishana sana. Tofauti ni kwamba saa zake ziliwekwa akiba, zangu ziliisha siku niliyolipwa.

Miezi 18

Nilimaliza Machi 2024. Mtu aliyehitimu chuo cha Ujerumani anaweza kupewa kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi inayolingana na elimu yake. Ndani ya muda huo unaruhusiwa kufanya kazi yoyote ili ujikimu. Inasikika kama muda mrefu. Mimi nilichora duara jekundu kwenye Septemba 2025 katika kalenda ya jikoni, nikaona bado kuna mwaka mzima na ushei.

Miezi mitatu ya kwanza nilituma maombi 40, yote kwa Kiingereza. Majibu mengi yalikuwa na neno "leider", yaani kwa bahati mbaya. Nilipata mahojiano mawili. La pili lilikatika dakika ya nne. Mama aliyenihoji alibadili lugha, akaniuliza jambo kwa Kijerumani. Nikamwomba arudie. Akarudia taratibu, kwa upole kabisa. Nikanyamaza.

Siku hiyohiyo nilijiandikisha kwenye Volkshochschule, shule za watu wazima zinazoendeshwa kwa msaada wa serikali za miji na ambazo kozi zake ni za bei nafuu. Nilikuwa natoka ghalani asubuhi, nakunywa kahawa kwenye kituo cha tramu, kisha naingia darasani. Niliketi na mafundi wa Syria na akina mama wa Ukraine, sote tukihangaika na vitenzi vinavyokimbilia mwisho wa sentensi.

Huku nyumbani, shangazi aliuliza, "Bado unasoma?" Nikasema ndiyo. Niliendelea kusema ndiyo kwa zaidi ya mwaka.

Novemba 2024, miezi minane ikiwa imeshakwenda, nilifika kwenye ofisi ya ushauri wa taaluma ya chuo. Huduma ni ya bure, na ilikuwepo tangu siku yangu ya kwanza. Nilikuwa naipita nikienda mkahawani. Mshauri, mama wa makamo mwenye miwani kichwani, alisoma wasifukazi wangu, akauliza swali moja: kabla ya kuja hapa ulikuwa ukifanya nini?

Nikamwambia si mengi, nilifanya atachi ya miezi mitatu Olkaria, kwenye visima vya mvuke.

"Mbona haimo humu?"

Nilikuwa nimeiondoa. Nilidhani hakuna Mjerumani anayejali habari za Naivasha.

Akageuza kompyuta yake nione. Januari 2024 sheria mpya ilianza kutumika Ujerumani, inayotaka kila mji uandae mpango wa jinsi ya kupasha nyumba joto bila kuendelea kutegemea gesi na makaa ya mawe. Miji yenye wakazi zaidi ya 100,000 ilipewa hadi Juni 2026, na miji midogo hadi Juni 2028. Joto la ardhini ni mojawapo ya njia zinazoangaliwa. Nami natoka nchi ambayo takriban asilimia 40 ya umeme wake hutoka kwenye mvuke wa ardhini. Nilikuwa nimesimama kando ya kisima kinachonguruma, nikiwa na helmeti na buti zenye vumbi jeupe, nikisoma mita. Nami nikauficha ujuzi huo ili nionekane Mzungu kidogo kwenye karatasi.

Mshauri aliniambia jambo la pili, nalo halikuwa tamu. Ofisi za wahandisi zinazofanya kazi hii hukutana na mameya na wakazi wa vijiji. Bila Kijerumani cha kiwango cha B2, nisijisumbue.

Nilipita mtihani wa B1 Desemba, na B2 Mei 2025. Barua zikabadilika. Juu kabisa niliandika Olkaria. Ombi la 83 lilienda kwa ofisi ya wahandisi wasiofika 20, mwendo wa saa moja kwa treni kutoka Leipzig. Mahojiano yalikuwa dakika 50, yote kwa Kijerumani. Niliharibu vitenzi vingi. Lakini waliponiuliza kuhusu mvuke, nilichukua kalamu nikawachorea kisima, bomba na mtambo, na kwa mara ya kwanza katika nchi hii nilikuwa naeleza jambo ambalo watu mezani hawakuwa wameliona kwa macho yao.

Nilitia saini mkataba Julai. Miezi 16 ilikuwa imeisha. Zilibaki miwili.

Mshahara, kodi na ukweli

Najua unataka kuuliza kuhusu pesa. Mwaka wa 2025, mhitimu mpya alihitaji mshahara wa angalau yuro 43,760 hivi kwa mwaka, kabla ya makato, ili apate kibali kinachoitwa Blue Card. Wangu uko juu kidogo ya hapo. Usikimbilie kuzidisha kwa shilingi. Zaidi ya theluthi huenda kwa kodi, pensheni na bima, kisha mwenye nyumba anachukua lake. Siishi kitajiri. Ila deni la Sacco limebaki kidogo, na nalala usiku.

Faida nyingine ni kwamba mhitimu wa chuo cha hapa akifanya kazi ya taaluma yake miaka miwili, akichangia pensheni na akiwa na Kijerumani cha B1, anaweza kuomba kibali cha kudumu. Yaani kalenda ya jikoni inaweza kutupwa.

Kuna vitu ambavyo pesa hairudishi. Bibi yangu alizikwa Februari 2025. Nilitazama kwenye simu nikiwa chumba cha kubadilishia nguo ghalani, mtandao ukikatika kila walipofika kwenye wimbo.

Unavyoweza kujipanga

Haya ndiyo niliyomwambia ndugu yangu.

Anza Kijerumani kabla ya kukata tiketi. Goethe-Institut iko katikati ya Nairobi, Maendeleo House, na kuna walimu wengine wazuri mijini. Hata kama kozi yako ni ya Kiingereza, ofisi utakayoajiriwa huenda si ya Kiingereza. Ukifika ukiwa na B1, umenizidi kwa miaka mitatu.

Ongea na familia kuhusu deni kabla hujaondoka. Tangu Septemba 2024, kiasi cha kuonyesha kwa mwaka kilipandishwa hadi yuro 11,904, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 1.7. Mzee akikopa zote na akaanza kukatwa mara moja, utaenda ghalani mwezi wa kwanza, upende usipende. Kaeni chini mkubaliane kuwa mwaka wa kwanza hutatuma kitu. Mazungumzo hayo ni magumu, najua. Lakini ni afadhali yawe magumu sebuleni Nakuru kuliko kwenye simu ukiwa Leipzig.

Ukichagua kozi, usiangalie jina la chuo pekee. Soma mtaala uone kama atachi ni ya lazima. Waulize waliohitimu walifanya kazi wapi wakiwa wanafunzi.

Muhula wa kwanza, ingia ofisi ya ushauri wa taaluma kabla hujajua mkahawa uko wapi. Waandikie maprofesa kuuliza kuhusu kazi ya usaidizi. Wa kwanza hatajibu, na wa pili pia. Mwandikie wa tatu.

Kama lazima uende ghalani, nenda likizo ndefu ya Agosti na Septemba. Usiku wa muhula ni wa kusoma na kulala.

Usifute Kenya kwenye wasifukazi. Kama uliuza simu Luthuli Avenue, kama ulitunza hesabu za chama cha mama, kama ulitengeneza pampu ya maji ya jirani, andika. Andika ulifanya nini hasa na ilisaidia nani.

Na uwe macho na mawakala. Septemba 2024 Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz walishuhudia mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi ukitiwa saini Berlin, na papo hapo uvumi ukaenea kuwa kuna nafasi 250,000 za Wakenya. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha idadi hiyo. Mkataba haugawi kazi. Masharti ya lugha na elimu yako palepale. Mtu akikuomba pesa akidai ana nafasi yako, funga mfuko. Habari za vyuo zinapatikana bure kutoka DAAD, ambao wana ofisi Nairobi.

Wewe uliyemaliza kidato cha nne juzi, jua pia kwamba wengi wenye KCSE pekee hutakiwa kupitia mwaka wa maandalizi, Studienkolleg, kabla ya kuanza digrii. Weka mwaka huo kwenye hesabu yako ya pesa tangu mwanzo.

Baba alivyojua

Nilipopata mkataba nilimpigia baba, nikamweleza ukweli wote: kwamba nilimaliza shule kitambo, kwamba mwaka mzima nilipokuwa nikisema nasoma nilikuwa nabeba maboksi. Alikaa kimya kidogo.

"Nilijua," akasema. "Mwanafunzi gani hunipigia simu alfajiri kila wiki akihema?"

Hakuniuliza, kwa kuwa hakutaka nione kama ananidai. Nami sikusema, kwa kuwa sikutaka ajue nimeshindwa. Wote wawili tulikuwa tunalindana, na kulindana huko kuliniweka ghalani muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Ningemwambia mapema, huenda angesema niache kutuma zile yuro 150. Alisema hivyo siku hiyo. Alisema angeniambia tangu 2022.

Ndugu yangu alisikiliza ile sauti yote ya dakika kumi na moja. Najua kwa sababu alama ziligeuka buluu, kisha akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akatuma picha ya risiti. Amelipia darasa la A1, anaanza Jumatatu.

Chini yake ameandika: "Na sweta je, ninunue hapa?"

Nikamwambia aache. Koti nitamnunulia mimi huku.